Mzee aliyeshika tama ukutani kwetu: ni mkosi, ni mali, au ni uchafu tu?

*"Baba yetu, mzee wa kanisa, alifariki mwaka jana. Miaka ya themanini alikwenda Uholanzi kwa masomo ya miezi sita, akarudi na picha iliyogandishwa kwenye ubao. Ni mzee mwenye ndevu nyeupe, amekaa peke yake, kichwa amekiegemeza mkononi. Pembeni yake pana vyombo vinavyong'aa kama dhahabu, na kwa mbali mji unaungua. Urefu wa picha ni sentimita 40, upana 32. Ipo sebuleni, mkabala na mlango wa jikoni, tangu nikiwa mdogo na tukitumia kibatari, na siku hizi imekuwa nyeusi hata moto hauonekani vizuri. Mama huketi chini yake kila jioni, naye kashika tama vilevile. Shangazi anasema picha hiyo ndiyo inayoita huzuni nyumbani, itolewe. Fundi wa fremu anasema ni mchoro halisi wa miaka mingi, tusiuze bei ya kutupa. Mdogo wangu anataka kuisugua kwa kiazi na limau. Tena nimesoma mahali kwamba huyo mzee ni baba mzazi wa mchoraji, alichorwa akiwa karibu kufa. Tufanye nini? Na huyo mzee analilia nini hasa?"*

Poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili, na zile picha ulizopiga kwa simu nimezikuza mpaka zikawa ukungu mtupu. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, lakini nadhani linalokusumbua ni mama kukaa pale chini kila jioni. Nitafika huko. Nianze na la fedha kwa sababu ndilo jepesi.

Mlicho nacho ni chapa iliyotoka kiwandani, haikuchorwa kwa mkono. Mchoro wenyewe, kazi ya Rembrandt, Mholanzi wa karne ya 17, uko Amsterdam, katika makumbusho ya Rijksmuseum, na umekuwa mali yao tangu mwaka 1939. Ni rangi ya mafuta juu ya ubao wa mwaloni, kimo sentimita 58, upana 46. Ukigawanya vipimo vyako utaona uwiano ni uleule, maana yake aliyechapa hakuikata picha, ameipunguza tu. Huo ubao ulioko nyuma, kwa ninavyouona kwenye kona iliyobanduka, ni plaiwudi ya tabaka tatu. Karne ya 17 hapakuwa na plaiwudi ya namna hiyo.

Hata hivyo usinichukue kwa neno tu. Azima lenzi ya kukuzia, au ile kamera ya simu inayopiga vitu vya karibu sana, uiweke juu ya paji la uso la mzee. Utaona nukta ndogondogo za samawati, waridi kali, njano na nyeusi zimepangana kama punje za mchele. Rangi ya brashi haina nukta. Kisha inamisha picha upande wa dirishani, uangalie ile michirizi inayong'aa juu yake, ambayo bila shaka ndiyo iliyomchanganya fundi wenu. Je, inafuata ndevu? Inazunguka na mkunjo wa vazi? Mimi naiona inakwenda moja kwa moja, kutoka juu hadi chini, bila kujali inapita juu ya ndevu au juu ya mwamba. Huo ni mkono wa mtu aliyepaka vanishi kiwandani ili chapa ionekane kama mchoro. Fundi hakuwa na nia mbaya. Kitu hicho kilitengenezwa hasa ili macho yadhani hivyo.

Basi kwa bei ya soko haina thamani kubwa. Thamani iliyonayo ni kwamba baba yenu, katika vitu vyote vya Uholanzi ambavyo angeweza kutia kwenye sanduku, alichagua hicho.

Mchoraji ni Rembrandt, na mwaka ni 1630. Herufi RHL, yaani Rembrandt mwana wa Harmen, wa Leiden, na mwaka huo vimo ndani ya mchoro. Alikuwa bado hajahamia Amsterdam. Alikuwa kijana wa miaka 23 au 24, mwana wa mwenye kinu cha upepo cha kusagia kimea katika mji wa Leiden. Nalisema hili la umri kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wakimwona mzee huyo hudhani amechorwa na mzee mwenzake. La. Kila mkunjo wa uso ule umechorwa na kijana ambaye ngozi yake mwenyewe ilikuwa bado haina mkunjo hata mmoja.

Na mzee ni nabii Yeremia. Rembrandt hakuandika jina hilo kwenye ubao, lakini ushahidi umo ndani ya picha. Nenda upande wa kushoto, kule kunakoungua. Mji ule ni Yerusalemu, ukiteketezwa na jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, zaidi ya miaka 580 kabla ya Kristo. Kwenye ngazi, nje ya jengo lenye kuba, kuna mtu mdogo sana aliyeziba macho yake kwa ngumi mbili. Kwenye chapa yenu ilivyo sasa pengine humwoni kabisa. Huyo anafahamika kuwa ni mfalme Sedekia. Habari yake imo katika sura ya 39 ya kitabu cha Yeremia: aliwashuhudia wanawe wakiuawa mbele yake, kisha akatobolewa macho, akafungwa pingu na kupelekwa Babeli. Kitu cha mwisho alichokiona ni kile. Rembrandt amemchora mdogo kuliko kidole cha mzee, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uchungu wote wa picha. Msiba mzima umesukumwa nyuma, sisi tumebakizwa na mtu mmoja anayeufikiri.

Sasa, analilia nini? Kwanza halii. Tazama macho: yameelekea chini, makavu, hayaangalii moto, hayatuangalii sisi, wala hayaangalii dhahabu iliyo karibu na kiwiko chake. Yeremia ndiye aliyewaambia watu wake kwa miaka mingi kwamba mji utaanguka. Hawakutaka kusikia. Walimtia gerezani, wakamshusha kwa kamba katika shimo lisilo na maji, lenye tope tupu, naye akazama topeni. Aliyemtoa hakuwa ndugu yake. Ni Ebedmeleki, Mkushi, yaani Mwafrika kutoka nchi ya Kushi, iliyopakana na Misri upande wa kusini, aliyetumika katika nyumba ya mfalme. Huyo bwana alikwenda kwanza kutafuta matambara makuukuu, akamteremshia na kumwambia ayatie kwapani ili kamba zisimchubue. (Sura ya 38. Huwa nawasomea vijana ninaowafundisha kazi hii ya kuhifadhi picha, kwa sababu mtu anayekumbuka matambara wakati wa kuokoa maisha ndiye mtu anayefaa kushika vitu vya kale.) Kisha mji ukaanguka kama alivyosema. Kwa hiyo huzuni ya mzee ni ya mtu aliyesema kweli, akapuuzwa, na sasa kweli imemfikia hata yeye. Sijui kama kuna huzuni ngumu kuliko hiyo. Ukifiwa na mtu ghafla unaweza kusema sikujua. Yeye hana hata hilo la kusema.

Vile vyombo na zulia la thamani vimeleta mabishano. Wako wanaosema ni mali ya hekalu iliyookolewa motoni. Wengine wanakumbusha kwamba mkuu wa askari wa Babeli alimwachia Yeremia huru, akampa chakula na zawadi, kwa hiyo hivyo ndivyo vyombo vya adui. Mimi naegemea maelezo haya ya pili kwa sababu ya jinsi alivyovipa kisogo. Mtu aliyeokoa kikombe cha hekalu angekishika. Kitabu kinene alichokiegemea kina neno "Bibel" kwenye kingo za kurasa. Ajabu yake ni kwamba Yeremia hangeweza kuwa na Biblia. Kitabu chake mwenyewe kilikuwa ndiyo kwanza kinaandikwa.

Nije kwa shangazi. Nataka umwambie, kwa heshima zake zote, kwamba ameisoma picha vizuri kuliko wageni wengi wanaopita mbele yake kule Amsterdam. Sisi tuna jina la mkao huo. Mtoto akikaa na shavu kiganjani, bibi anamkemea: acha kushika tama, unaita msiba. Wazungu wa zama hizo hawakuwa na neno fupi kama letu, ila mkao waliutambua vilevile. Mjerumani Albrecht Dürer alichonga chapa mwaka 1514 yenye mwanamke wa mabawa aliyekaa hivyohivyo, zana za kazi zimetupwa chini zikimzunguka, akaipa jina la ugonjwa wa huzuni. Waganga wao waliamini mwili una maji ya aina nne, na nyongo nyeusi ikizidi mtu anakuwa mzito, mkimya, anashika tama. Wazee ndio walioaminika kuwa nayo nyingi. Lakini waliamini jambo lingine pia, na hili ndilo ningependa shangazi alisikie: nyongo hiyohiyo waliiona kuwa ndiyo ya wanafikra na manabii. Mkao ule kwao ulikuwa wa mtu mwenye huzuni na wa mtu mwenye kufikiri kwa pamoja, nao hawakuhangaika kuvitenganisha.

Ninapotofautiana na shangazi ni kwenye kipi kilianza. Picha imekaa ukutani humo tangu miaka ya themanini. Humo mmesherehekea ubatizo, harusi na matokeo ya mitihani, mzee yuleyule akiwa juu yenu kashika tama. Haikuita chochote. Msiba umekuja mwaka jana kwa sababu nyingine, na mama amekaa pale kwa sababu yake mwenyewe.

Kuhusu baba wa mchoraji: hadithi hiyo imeenea na ni tamu, ndiyo maana haifi. Harmen Gerritszoon van Rijn, baba yake Rembrandt, alizikwa tarehe 27 Aprili 1630, mwaka uleule wa mchoro. Watu wakaunganisha. Shida ni kwamba uso huu wa mzee mwenye kipara na ndevu unarudi katika kazi nyingi za Rembrandt za miaka ile, na hata katika kazi za rafiki yake Jan Lievens, waliyekuwa wakifanya naye kazi Leiden. Wachoraji wa huko walikuwa na desturi ya kumwita mzee mwenye sura ya kuvutia, kumvisha mavazi ya ajabu na kumchora mara kwa mara. Soko la picha za vichwa vya wazee lilikuwa kubwa. Leo anakuwa nabii, kesho mtume. Uko mchoro mmoja mdogo huko Oxford, katika makumbusho ya Ashmolean, ulioandikwa jina la Harmen chini yake, na wataalamu wengi wanaona sura ya mle si ya huyu mzee wa picha yenu. Kwa hiyo msimwambie mgeni kwamba ni baba yake. Lakini kwamba kijana huyu alimzika baba yake mwaka uleule aliomchora mzee anayeomboleza, hilo ni kweli, na kila mtu alifikirie anavyotaka.

Sasa giza, maana hapa ndipo kiazi kinaponinyima usingizi.

Picha yenu ina giza la aina mbili, na moja halitakiwi kuondoka. Hilo la kwanza ni la Rembrandt. Mwanzoni mwa karne ile Caravaggio, huko Italia, alikuwa amewafundisha wachoraji kuzima taa zote na kubakiza moja tu: mwanga unatoka pembeni, unaangukia paji la uso, bega, mkono, na vingine vyote vinamezwa. Waholanzi kadhaa walikwenda Roma wakarudi na fundisho hilo. Pieter Lastman, aliyemfundisha Rembrandt kwa miezi kadhaa, alikuwa mmoja wa waliokwenda Italia. Rembrandt mwenyewe hakuwahi kwenda. Lakini angalia alivyolichukua. Sehemu za giza alizipaka kwa rangi ya hudhurungi nyembamba, karibu kama chai ya rangi, hadi unahisi ubao chini yake. Sehemu za mwanga alizijaza rangi nzito yenye nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, ikasimama kama ukoko. Mwanga wa kweli wa chumbani ukigonga ule ukoko unarudi machoni mwako. Ukigonga ile hudhurungi unazama. Ndiyo maana mbele ya mchoro wenyewe paji la uso la mzee linang'aa kana kwamba lina taa ndani. Wakati mwingine aligeuza brashi na kukwaruza rangi mbichi kwa kijiti chake. Katika picha aliyojichora mwenyewe yapata 1628, iliyoko Rijksmuseum hukohuko, vile visokoto vya nywele vimekwaruzwa hivyo. Chapa yenu haiwezi kutoa hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu wino wake wote una unene mmoja. Kwa hiyo hata siku ilipotoka dukani, mpya, ilikuwa na giza zaidi kuliko mchoro. Kuisugua mpaka iwe nyeupe ni kumsafisha Rembrandt mwenyewe.

Giza la pili ni la nyumba yenu. Umeandika kwamba mlango wa jikoni unatazamana na ukuta ule, na kwamba kabla ya umeme mlitumia kibatari. Mafuta ya kukaangia yanapanda na mvuke, yanatua juu ya vanishi, yananasa masizi na vumbi. Mwaka baada ya mwaka linajengeka tabaka la nata. Chini yake vanishi yenyewe imegeuka njano, kwa sababu utomvu uliotengenezea vanishi hiyo unapokutana na hewa na mwanga kwa miaka mingi unabadilika kama karatasi ya gazeti inavyobadilika. Njano juu ya samawati ya anga inazaa kijani cha matope. Ndiyo ile rangi ya dimbwi unayoiona juu ya mji.

Mdogo wako hakujitungia hilo la kiazi. Ni ujuzi wa zamani sana. Hata Ulaya watu walisugua michoro kwa kiazi, kitunguu na mkate. Kiazi kina maji, wanga na asidi kidogo. Maji yanapita kwenye nyufa za vanishi, yanafika kwenye karatasi, karatasi inavimba, gundi inaachia plaiwudi, na baada ya wiki mbili mnakuwa na malengelenge. Wanga unaobaki ni chakula cha ukungu na cha wadudu. Limau ni baya zaidi, asidi yake inabaki humo ikiila karatasi polepole. Mafuta ya taa yanaweza kuilegeza vanishi. Sabuni inaacha ukungu mweupe. Nikuambie tena kitu kitakachokushangaza: sisi wa kazi hii huwa tunatumia mate, kweli kabisa, kwa sababu mate yana vimeng'enya vinavyolegeza mafuta na uchafu. Tunatumia kijiti chenye pamba, eneo la ukubwa wa ukucha, tukitazama kwa lenzi, na tunaacha pale tu pamba inapoonyesha rangi. Usikimbilie kuyajaribu nyumbani.

Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi nilipewa chapa ya malaika, yenye vanishi kama ya kwenu, niipanguse vumbi. Nikaona kitambaa kikavu hakitoshi, nikakilowesha kidogo, kidogo tu. Nilipangusa mara tatu. Mara ya nne kidole gumba cha malaika kilikuwa kwenye kitambaa. Mwenye picha alikuwa mama mtu mzima, hakusema neno, alikitazama tu kile kitambaa. Nimekihifadhi mpaka leo.

Kinachofaa ni kidogo na hakigharimu. Ishusheni, ilazeni mezani juu ya shuka safi. Chukua brashi laini, ile pana ya kujipodoa ikiwa mpya ni nzuri kabisa, upepete vumbi kutoka juu kwenda chini, bila kugandamiza, bila maji. Pale kona ilipobanduka usipepete kabisa. Nyuma ya ubao, angalia kama kuna matundu ya saizi ya kichwa cha pini na unga mwepesi chini yake. Kama yapo, ubao umebunguliwa, na picha itengwe na fanicha nyingine hadi ionwe na mtu. Ukimaliza hapo, umemaliza. Haitakuwa angavu. Itakuwa safi kiasi chake.

Kama mnataka kumwona Sedekia na moto wake, kuna njia ya uaminifu zaidi kuliko kusugua. Makumbusho ya Amsterdam yameweka picha ya mchoro huo kwenye tovuti yao kwa ubora wa juu, bure, na inaruhusiwa kuichapisha. Pelekeni faili kwenye duka zuri la uchapaji, mchapishe kwa kipimo chake halisi, 58 kwa 46, muitundike popote. Ya baba ibaki ya baba. Wapo watakaosema kuwa na mbili ni ujinga. Mimi sioni ujinga. Moja ni ya kutazama mchoro, nyingine ni ya kumkumbuka mtu.

Mnaweza pia kumpa mhifadhi aiondoe vanishi. Sikatai kazi, lakini kwa chapa ya aina hii malipo yatazidi bei yake mara nyingi, na upo uwezekano wa kweli kwamba wino utatoka pamoja na vanishi. Ningefanya hivyo tu kama karatasi imeanza kujimenya yenyewe. Mambo matatu yanayostahili safari ya kwenda kwa mtu atakayeishika kwa mikono yake, katika makumbusho ya taifa au chuo chenye idara ya sanaa, ni haya: ukiona kona ile imeongezeka kubanduka, ukikuta unga wa mbao, au lenzi isipokuonyesha nukta hata moja. Hilo la tatu sitarajii. Likitokea, niandikie upesi, nitaomba radhi kwa fundi wenu.

Na mama. Hapa natoka nje ya kazi yangu, nami nasema kama mtu aliyezika wazazi wake. Kabla hamjaigusa picha, kaa naye jioni moja uulize anaona nini pale. Usimwulize kwa nini ana huzuni. Muulize juu ya picha. Inawezekana baba aliwahi kumsimulia habari yote hii, alivyosimama mbele yake Amsterdam, alivyohesabu fedha za posho. Kitabu cha Maombolezo, ambacho wazee wa zamani waliamini kiliandikwa na huyohuyo Yeremia, kinaanza kwa kuufananisha mji ulioachwa na mjane. Mzee wa kanisa kama baba yenu hakukosa kuujua mstari huo, na mama pia anaweza kuujua kwa moyo. Mkiiondoa bila kumwuliza, mtakuwa mmemwondolea mtu aliyekuwa akikaa naye.

Ila kukaa na huzuni ni jambo moja, kuumwa ni jingine, na kwa nje yanafanana. Kama anakula, analala, anacheka mjukuu akifanya vituko, anakwenda jumuiya, basi ile saa moja ya jioni ni yake, mwacheni nayo. Kama amekonda, halali, ameacha dawa zake za presha, haogi mpaka asukumwe, au kitu alichokipenda hakimgusi tena wiki baada ya wiki, mpelekeni kwa daktari, mwambieni wazi yote mliyoyaona, naye atawaelekeza kwa mshauri anayefaa. Na siku atakaposema anatamani kumfuata baba, au hana haja ya kuendelea kuishi, msingoje kesho yake. Asiachwe peke yake, mwende hospitali siku hiyohiyo. Shangazi anaweza kuwa wa msaada mkubwa hapo. Ameona kitu kabla yenu, ingawa amekitaja kwa jina la picha.

Kama mama atakubali ihamishwe, msiiweke mkabala na dirisha. Umeona mabango ya mitindo ya nywele kwenye saluni, yale yaliyokaa juani mpaka nyuso zote zimekuwa za bluu? Wino wa waridi na wa njano ndio unaokimbia kwanza, samawati inabaki. Yeremia naye atageuka hivyo, na dhahabu yake itakuwa bati. Mtafutieni ukuta wa ndani, mbali na mlango wa jikoni, usiopakana na bafu. Bandikeni vizibo viwili vya chupa nyuma ya fremu, kona za chini, ili hewa ipite kati ya ubao na ukuta. Fanyeni kabla ya masika. Plaiwudi hiyo imeshaanza kupinda, na unyevu wa mwezi wa nne ndio utakaoibandua ile kona moja kwa moja.